Anti, bajeti ya sikukuu tunaandika wawili lakini mimi ndo naivunja kila mwaka

Shikamoo Anti,

Naomba usiweke jina langu mana mume wangu na yeye anasoma hii safu, tena kuna siku ananisomea kwa sauti. Nina miaka 34, naishi Ipagala hapa Dodoma, nina watoto wawili, mkubwa kamaliza la saba mwaka huu na amefaulu, tunasubiri tu kujua kapangiwa shule gani. Mimi ni mhudumu kwenye ofisi moja hapa mjini, mume wangu anachomelea mageti na madirisha, kazi yake leo ipo kesho haipo kwahiyo mshahara wangu ndo tunaouhesabia kwa mambo ya lazima.

Shida yangu ni hizi ofa za sikukuu. Kila mwaka ikifika Novemba mimi na mume wangu tunakaa tunaandika bajeti, kwenye daftari kabisa: nauli ya kwenda kwao Mpwapwa na kurudi, nguo za watoto wetu, chakula cha sikukuu, na hela kidogo ya kumwachia mama. Tunakubaliana vizuri tu. Alafu zinaanza hizo Black Friday, zikiisha inakuja ofa ya Krismasi, ikiisha ofa ya kufunga mwaka, ukifungua wasap stetasi za watu wote ni mzigo mpya, bei ya kutupa, mwisho leo saa sita usiku, ukipita mjini spika zinaita dada njoo ujionee, yaani najikuta nimeshaingia dukani na hela nimeshatoa.

Mwaka jana tulipanga laki nne. Nimekuja kujumlisha Januari nikakuta imetoka laki saba na elfu mbili! Vya nje ya bajeti navikumbuka vyote Anti. Vitenge vinne vya mama mkwe na mawifi, kimoja elfu 25. Viatu pea tatu za watoto wa wifi yangu, elfu 18 kila pea. Koti la baba mkwe elfu 35, seti ya hotpoti ya wifi mkubwa elfu 38, mashuka ya mama mkwe elfu 45, na gauni langu elfu 30. Vyote kwa ofa. Yale mashuka kwenye kikaratasi yaliandikwa 65,000 ikakatwa kwa peni nyekundu chini ikaandikwa 45,000, kaka muuzaji akanambia dada zimebaki mbili tu, nikajiona nimeokoa elfu ishirini nzima. Baadae nikapita tena pale, mashuka yamejaa mpaka juu na ile karatasi yenye peni nyekundu bado ipo.

Hela nyingine nilikopa kwenye simu. Mshahara wa Desemba ulitoka mapema kabla ya sikukuu, mwaka mpya unafika hakuna kitu, na Januari unaijua ilivyo ndefu. Mtoto wangu wa pili alifungua shule na viatu vyake vya zamani, kimoja kimeachia ubavuni kidole kinaonekana, na mimi nimetoka kuwanunulia viatu watoto wa wifi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa mwaka huu kikoba chetu tunavunja katikati ya Desemba, nategemea kupata 1,200,000. Mume wangu kashaipangia, laki nane tununue bati mana nyumba yetu ya Mkonze imeishia kwenye lenta, na laki nne ya sikukuu. Nimeitikia. Asichojua ni kwamba kuna mwenzangu ofisini anauza vitu, nimeshachukua kwake mzigo wa elfu 95 nitalipa tukivunja kikoba, na kwenye simu nadaiwa elfu 60.

Na ukweni siwezi kwenda hivihivi, mkono mtupu haulambwi. Mwaka juzi nilienda na mchele na sukari tu, wifi yangu mmoja akasema mbele za watu, kumbe hata watu wa mjini siku hizi wana hali. Niliumia sana. Mama mkwe mwenyewe hana neno, yeye akiona wajukuu anafurahi mpaka analia.

Anti nifanyeje niheshimu bajeti kama wenzangu? Nilikuwa nawaza hela yote ya kikoba nimkabidhi mume wangu ili nisiiguse kabisa, mana mimi naona sina nidhamu. Na hili deni nimwambie au nilipe kimyakimya yaishe?

Mama wawili, Ipagala

*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwasababu umeandika namba, na watu wengi wanaoniandikia kuhusu hela huwa hawaandiki namba, wanaandika tu kwamba hela haikai. Wewe umeziweka zote, mpaka bei ya pea moja ya viatu, na hapo tayari nina wasiwasi kidogo na hilo neno lako la kusema huna nidhamu.

Kwa ulivyonielezea, mnapanga wawili, unakiuka peke yako, unakopa ili kuziba, Januari inawaumbua, na mwaka huu kuna hela kubwa inakuja ambayo mume ameshaigawa bila kujua kwamba kipande chake kimeshaliwa. Na wewe umejihukumu kwamba mwenye kosa ni wewe na ofa zako. Naomba tukae hapo kwanza kabla hatujaenda kwenye nini ufanye.

Nimejumlisha vitu ulivyonunua nje ya bajeti mwaka jana. Vinafika 302,000. Gauni lako ni elfu 30. Zilizobaki, 272,000, zote zimeenda ukweni, kwa mama, kwa baba, kwa mawifi na watoto wao. Sasa rudi kwenye lile daftari mnaloandika kila Novemba uangalie kama kuna mstari wa zawadi za ukweni. Kwa ulivyoniorodheshea haupo. Kuna nauli, nguo za wanenu, chakula, hela ya mama. Yaani mnakaa mnaandika bajeti ya mtu anayeenda Mpwapwa mikono mitupu, alafu wewe mwenyewe moyoni unajua huwezi kwenda mikono mitupu, hujasema, mumeo hajauliza, daftari linafungwa. Ofa inapokuja inakukuta una watu nane kichwani ambao hawajatengewa hata shilingi. Hata punguzo lisingekuwepo nadhani bado ungewanunulia, ofa imekupa tu sababu ya kujiambia kwamba umeokoa.

Kwahiyo najiuliza, na wewe ujiulize kwa nafasi yako, kama ni kweli kwamba huna nidhamu au mliandika bajeti isiyoendana na maisha yenu. Vinaweza kuwa vyote viwili, sikatai. Lakini dawa zake hazifanani, ukijitibu nidhamu peke yake na hao watu nane bado hawamo kwenye daftari, Desemba ijayo utakuwa palepale.

Kingine ni hilo la mikono mitupu. Nimeona uliumia, na neno la wifi mbele za watu linauma kweli, sitakwambia upuuze. Ila angalia nani alisema na nani hakusema. Aliyesema ni wifi mmoja, mwaka juzi. Mama mkwe, ambaye ndo mwenye nyumba, kwa maneno yako mwenyewe hana neno. Mwaka jana umetumia karibu laki tatu na mimi naona sehemu kubwa ilikuwa ya kumjibu yule wifi. Alinyamaza? Hujaniambia. Na je ulishawahi kumpigia mama mkwe mapema ukamuuliza, mama mwaka huu nije na nini? Huko Mpwapwa, kama sehemu kubwa ya mkoa wetu, mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba huko, ndo kipindi watu wanahangaika na kulima na mbegu, chakula cha ndani kimepungua na mavuno bado mbali. Inawezekana kabisa mama anatamani mbegu ya mtama au alizeti, au hela ya kumlipa mtu amlimie, au lita tano za mafuta ya kula, kuliko shuka la tatu kabatini. Inawezekana pia anapenda kitenge, ni mwanamke kama wewe. Simu moja itakwambia, na zawadi aliyoiomba mwenyewe wifi atakosa pa kuishikia.

Hatari ya kuuliza ipo, sikufichi. Ukiuliza mtu anaweza kutaja kikubwa kuliko uwezo wako, au habari ikasambaa kila mmoja akaanza kutuma oda. Muulize mama peke yake, na kabla hujauliza wewe na mumeo mjue kiasi chenu.

Sasa hizo ofa. Mwenyewe umeshaona ilivyo, yale mashuka ya kubaki mawili yalikuwepo mpaka juu na peni nyekundu ileile. Hiyo 65,000 hatuna uhakika kama kuna mtu aliwahi kuilipa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo, lakini kwa shuka la elfu 45 najua hutaenda, kwahiyo kinga yako ya kwanza ni kujua bei kabla ya msimu. Kama kuna kitu mnakihitaji kweli, pita madukani Septemba au Oktoba, piga picha bei, iweke kwenye simu. Desemba ukiambiwa imeshuka unafungua picha. Hapo kuna ofa zitakazokuwa za kweli, maana zipo, na utanunua ukiwa huna majuto.

Na hiyo Black Friday ni ya Marekani, ni Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ndipo maduka yao yanapofungua manunuzi ya Krismasi. Huku kwetu inaangukia palepale mshahara wa Novemba unapoingia. Muuzaji anajua. Na wakati nguo na vyombo vinatangazwa kushuka, angalia kuku, mbuzi na mchele vinavyopanda kadri Krismasi inavyokaribia. Kama lengo ni kuokoa hela kwenye sikukuu, mimi ningeangalia zaidi huko, mchele, sukari, mafuta na maharage ukinunua mapema pale Majengo au soko la Job Ndugai kabla ya msongamano, unaokoa kwa kitu ambacho lazima mngenunua.

Sasa tuje kwenye kikoba, na hapa ndo moyo wangu umeenda mbio kidogo. Kwenye karatasi mna 1,200,000. Ukitoa elfu 95 ya mwenzako na elfu 60 ya simu, mna 1,045,000. Mumeo ameigawa laki nane na laki nne, haitoshi tayari. Lakini hata isingekuwa deni, mbona sioni kidato cha kwanza? Mtoto amefaulu, hongereni sana, na Januari anaripoti. Ada ya shule za serikali imeondolewa kweli, lakini sare, madaftari, viatu na begi ni vya kwenu, na akipangiwa bweni itakuja orodha yenye godoro, mashuka, ndoo, tranka na mengine. Hiyo orodha itatoka mikononi mwenu karibu wakati uleule mshahara wa Desemba umeshaliwa. Mtoto wa pili tayari alishafungua shule na kiatu kilichopasuka. Mimi naona mstari huu ndo ungetangulia kuandikwa, kabla ya bati na kabla ya kitenge, ila bati ni mjadala wenu na mumeo, labda ana sababu ya kuharakisha kupaua ambayo hujaniandikia, labda kodi mnayolipa inawaumiza.

Unawaza umkabidhi mume hela yote. Uzuri wake naujua, bati ikishanunuliwa haiwezi kugeuka hotpoti. Lakini fikiria na upande wa pili. Atanunua bati za laki nane akiamini laki nne ipo, wewe una deni la 155,000 pembeni, shule inatangazwa, na pa kukimbilia panabaki kwenye simu kulekule. Na hiyo hela ni jasho lako la mwaka mzima, kuna wanawake wameniandikia walikabidhi hivyo mwaka wa kwanza kwa hiari, miaka iliyofuata ikawa ndo utaratibu, na wao wakawa wanaomba hela ya saluni. Sisemi mumeo yuko hivyo. Kwenye barua yako naona mtu anayekaa na mkewe na daftari, ni kitu kizuri hicho.

Kati ya kushika yote na kukabidhi yote kuna njia. Unaweza kuigawa palepale siku ya kuvunja, ya shule iende kwenye akaunti ambayo haiko kwenye simu yako, ya bati kwa mume, ya ukweni ibaki mkononi kwenye bahasha ikiwa na majina ya watu, na bahasha ikiisha imeisha. Bahasha ina udhaifu wake, hela ya ndani inaibiwa na inaazimwa, mkisikia jirani anaumwa mtaifungua. Kuifunga benki kwa muda maalumu nako kuna udhaifu, dharura ikitokea unabaki unaitazama. Chagua udhaifu mnaoweza kuishi nao.

Na hiyo siku yenyewe ya kuvunja uwe macho. Wewe unajua kuliko mimi, watu wanakuja na mafurushi, hela zinahesabiwa huku vitenge vimeshafunguliwa kwenye mkeka, na kila mtu ana furaha na kila mtu anamuunga mkono mwenzake. Ukiona aibu kukataa, nenda ukiwa umeshaamua kiasi, labda elfu 20 ya kumuunga mtu mmoja, ukanunue kwa amani. Stetasi za wauzaji unaweza kuzinyamazisha mpaka Januari bila wao kujua, na huyo wa ofisini unaweza kumwambia tu wazi kwamba mpaka umalize la kwanza hutachukua la pili. Atanuna siku mbili.

Kuhusu mkopo wa simu, angalia ni wa nani. Kama ni wa mtandao wako au benki yako makato yake yameandikwa, soma uone unalipa ngapi hasa. Kama ni programu uliyopakua tu, kuwa makini sana, Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na wengine wakichelewa kulipwa wanawatumia meseji watu waliomo kwenye simu yako, mumeo akiwemo. Hapo siri haitakuwa mikononi mwako tena.

Ambayo inanileta kwenye swali lako la mwisho. Kulipa kimyakimya inawezekana, 155,000 unaweza kuitoa kikobani ukasema mlipata pungufu. Lakini ni kikoba, wanachama wenzako ni majirani, siku moja mtu atataja mbele yake mlipata ngapi, na hapo atakachokumbuka ni uongo, deni lenyewe atalisahau. Kumwambia nako kuna gharama. Atakasirika pengine, atasema kwahiyo ndo maana kila mwaka, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kama una sababu ya kumuogopa zaidi ya hasira ya kawaida, kama kuna kupigwa au kunyimwa hela ya chakula, hiyo ni barua nyingine kabisa na uniandikie haraka, ushauri wangu hapa usiufuate. Kama ni aibu tu inayokuziba mdomo, ningependa ufikirie kumwambia kabla ya kuvunja kikoba, siku ambayo hana kazi inayomkimbiza, ukiwa na ile orodha ya mwaka jana mkononi. Muonyeshe hiyo 272,000 ilienda wapi. Ilienda kwa mama yake, baba yake, dada zake. Anaweza kushangaa, sidhani kama anajua. Na pengine yeye ndo mtu sahihi wa kuzungumza na huyo dada yake, mana kwa wifi maneno yako ni ya mke aliyekuja kuolewa, maneno yake ni ya kaka.

Hata kwenda Mpwapwa Desemba hii mnaweza kulizungumza, kama ni lazima wote wanne, au kama mwaka huu mama atumiwe hela ya kulimia na nyie mwende Pasaka mtoto akiwa likizo. Mama anaweza kuumia kukosa wajukuu, umesema mwenyewe analia kwa furaha, na mimi sina mizani ya kupima machozi yake na godoro la bweni. Nyie mnayo.

Shule ikishatangazwa niandikie kama ni bweni au kutwa, na unitumie ile orodha ya vifaa kama ilivyo. Vingine vinaweza kusubiri mwezi wa pili na vingine haviwezi, tutaviangalia kimoja kimoja.